Betri Ikizimika, Taarifa za Mgonjwa Zisipotee

Mwaka 2004, watafiti wa kituo cha Ifakara walitumia kompyuta za mkononi badala ya karatasi kujaza madodoso ya kaya zaidi ya 21,000 kusini mwa Tanzania. Vifaa vingi vya kizazi hicho vilikuwa na udhaifu mmoja: kumbukumbu yake ilitegemea betri. Chaji ilipokwisha kabisa, yote yaliyoandikwa yalifutika.

Ndiyo maana watumiaji wake walihimizana mambo machache: kuchaji kila usiku, kunakili taarifa kwenye kompyuta nyingine siku hiyo hiyo, kurekebisha mguso wa kioo kalamu inapokosa shabaha, na kutofuta kumbukumbu ya kifaa kilichokwama kabla ya kuwa na nakala.

Simu na vishikwambi vya leo havisahau kwa kuishiwa chaji, lakini huibwa, huanguka na kulowa. Kwa wahudumu wa Kichiwa, Makambako na Njombe, baridi ya Juni na Julai nayo hudhoofisha betri, hasa iliyochakaa. Kifaa kibebwe mfuko wa ndani ya koti. Mgonjwa naye aitunze kadi yake ya kliniki: mtambo ukishindwa, kadi hiyo ndiyo itakayomsemea.