Flashi ya bei nafuu ni sawa, lakini usibahatishe mawe

Umeweka akiba, ukapata kamera ya mtumba, na sasa unapiga picha za bathdei, harambee na matanga. Mchana uko sawa. Kasheshe inaanza jua likizama. Na kama kazi yako iko kisiwa kama Remba, kule Ziwa Viktoria upande wa Homa Bay, si mbali na Migingo ya Migori, basi una shida mbili: giza na chaji.

Remba ni kisiwa kidogo kilichojaa nyumba za mabati, na wavuvi Wakenya, Waganda na Watanzania wanaotafuta mbuta. Pesa inazunguka huko, sherehe zipo, na wateja wanataka picha safi. Lakini umeme wa wengi ni sola na jenereta, na duka la vifaa vya kamera liko ng'ambo ya maji. Flashi ikikufia saa mbili usiku keki ikikatwa, hakuna pa kukimbilia. Mteja hatakata keki ya pili kwa sababu yako.

Kwa hivyo skiza: okoa pesa kwenye flashi, usiokoe kwenye mawe.

Flashi: jina kubwa si lazima

Flashi ya Canon inayoitwa Speedlite EL-1 iliingia sokoni mwaka 2021 kwa karibu dola 1,100 kule Marekani. Godox TT600 huuzwa huko kwa takriban dola 70. Yongnuo za familia ya YN560 ziko kundi hilo hilo la bei. Tofauti hiyo inakununulia lenzi, na chenji inabaki.

Unapoteza nini? Zaidi ni uvivu. TT600 na YN560 hazijipimii mwanga, unachagua nguvu mwenyewe: kamili, nusu, robo, na kushuka chini. Piga picha moja, angalia skrini, ongeza au punguza. Ukifanya hivyo wikendi mbili tatu, mkono unazoea. Mteja naye hajui flashi ilinunuliwa pesa ngapi, anaona uso wake tu.

Tahadhari mbili. Kama una Sony, uliza TT600S, kwa sababu mguu wa flashi ni tofauti. Na ukiuziwa flashi ya zamani ya enzi za filamu, usiichomeke kwanza. Baadhi yake hutuma volti zaidi ya mia mbili kwenye kamera, na kamera ya dijitali inaweza kuungua.

Mawe: hapa ndipo watu huanguka

Flashi hizi hula mawe manne ya AA, yale madogo ya tochi na rimoti. Lakini flashi haivuti umeme polepole kama rimoti. Ndani yake kuna kapasita ambayo lazima ijazwe hadi volti mia tatu hivi, na kila ukipiga kwa nguvu kamili inaanza kujazwa upya. (Ndiyo maana usiifungue na bisibisi, hata ikiwa imezimwa.)

Mawe ya bei ya chini kabisa, yale ya zinki, hayana pumzi hiyo. Utapiga mara chache kisha utaanza kungoja. Ya alkali huanza vizuri, ila yakichoka kidogo, flashi inachukua muda mrefu kuwa tayari, na sherehe haikungoji.

Ya kuchaji, aina ya NiMH, ndiyo chaguo. Yameandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, na wengi hudhani ni dhaifu. Si kweli. Yanatoa umeme mwingi kwa haraka, na hicho ndicho flashi inataka. Godox wenyewe wanasema mawe ya NiMH ya 2500 mAh huipa TT600 takriban mapigo 230 ya nguvu kamili, na hujaa tena kwa sekunde 2.6 hivi.

Jina linalotajwa sana ni Eneloop, iliyoanzishwa na Sanyo mwaka 2005 na sasa iko chini ya Panasonic. Uzuri wake ni kwamba hayavuji chaji haraka yakikaa begani. Ya kawaida ni kama 2000 mAh. Kuna Pro za 2500, ila huchajiwa mara chache zaidi kabla ya kuchoka. Kwa anayeanza, ya kawaida yanatosha.

Chunga feki. Ukiona AA ya NiMH imeandikwa 4000 mAh, hiyo ni hadithi. Na usitie yale ya lithiamu ya volti 3.7 yenye umbo kama AA. Manne yanafika volti 14.8, wakati flashi inatarajia 6.

Vipi flashi zenye betri yake ya lithiamu, kama Godox V860II? Ni tamu, zinafika mapigo 650. Lakini betri hiyo ikifa kisiwani, hakuna kibanda chenye nyingine. AA zikikuangusha, unaweza kuazima hata za rimoti umalize usiku.

Hesabu ya chaji

Hii ndiyo habari njema. Mawe manne ya 2000 mAh hubeba kama wati-saa 10. Simu ya 5000 mAh hubeba kama 19. Yaani seti nzima, hata ukihesabu umeme unaopotea njiani, haizidi sana chaji ya simu moja. Nunua chaja ya USB inayochaji kila jiwe peke yake, upeleke pale unapochajia simu. Iache saa kadhaa. Chaja za nusu saa huyapika mawe.

Kisha punguza njaa ya flashi. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 800, unahitaji nguvu moja ya nane tu kupata mwanga ule ule, na mawe yanadumu mara nyingi zaidi. Dari nyeupe ni nadra kwenye nyumba ya mabati, kwa hivyo geuza flashi kwenye shuka jeupe au karatasi ya manila. Nyuso hazitang'aa kama sufuria.

Beba seti tatu: moja kwenye flashi, mbili begani. Ziandike namba 1, 2 na 3, na usichanganye jiwe la seti moja na la nyingine. Ukipanda boti, toa mawe kwenye flashi, funga kila kitu ndani ya mfuko usioingiza maji.

Na yale yaliyokufa usitupe ziwani. Rudi nayo bara. Watu wanakunywa maji hayo, na samaki wa sherehe yako inayofuata anaogelea humo humo.