Miezi sita au nipe ufunguo!

USIOMBE mkataba wa nyumba ukuishie wakati hata wewe mwenyewe hujui mwezi ujao utalala mkoa gani. Mimi yalinikuta Sinza mwaka 2017, na mpaka leo nikisikia hodi tarehe za mwisho wa mwezi roho inanilipuka.

Mwaka mmoja kabla, Julai 2016, Rais John Magufuli alikuwa ametangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Ofisini kwetu ikawa tetesi asubuhi, tetesi jioni. Leo unasikia tunaondoka wiki ijayo, kesho unaambiwa idara yenu bado kwanza. Katikati ya kasheshe hiyo mkataba wa chumba changu na sebule, sh. 150,000 kwa mwezi, ukafika ukingoni.

Nikajikusanya, nikaenda kwa mama mwenye nyumba na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekuja na ile miezi sita?"

Nikajieleza weee! Nikamwomba nilipe miwili miwili mpaka barua yangu ya uhamisho itoke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua chungwa moja, akasema: "Mwanangu, mimi sijafungua gesti. Miezi sita au nipe ufunguo."

Hapo ndipo mji huu unaponichosha. Mshahara unalipwa mwezi kwa mwezi, halafu kodi unadaiwa ya nusu mwaka kwa mkupuo! Mshikaji mmoja wa ofisini, anayejifanya mwanasheria, akanishauri nikamshitaki. Wapi! Ile sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyokuwa ikiwabana wenye nyumba, ilifutwa mwaka 2005. Unabanwa na karatasi uliyosaini mwenyewe, na yangu (niliisaini bila kuisoma, nakiri) ilisema kodi ikishalipwa hairudishwi na ni marufuku kumpangisha mtu mwingine.

Lakini na yeye nisimwonee. Nyuma ya nyumba alikuwa anapandisha vyumba vingine viwili, na kila kodi yetu iliishia kwenye saruji na nondo. Benki gani ingemkopesha mama anayeuza vitumbua? Sisi wapangaji ndio tuliokuwa benki yake. Ukimpa laki tatu leo na laki tatu baadaye, zote zinakwenda kwenye ada na sukari, ukuta haupandi.

Ningehama? Dalali naye anataka kodi ya mwezi mzima kwa kukutembeza tu, na huko unakokwenda nako ni miezi sita. Nikakopa kwa wenzangu kazini, nikamhesabia mama laki tisa zake mkononi. Barua ya uhamisho ikatoka siku ya kumi na tisa. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu kama mwehu.

Suala la kurudishiwa hela lilikufa hapo hapo. Nikamletea mtu wa kuingia badala yangu, akatikisa kichwa, mkataba unakataza. Nimeshafika mlangoni akaniita: "Kwani wewe huna ndugu? Ndugu hapangi, ndugu anakaa tu."

Basi bwana, binamu yangu, aliyekuwa amebanana na wenzake wanne kwenye chumba kimoja Mbagala, akahamia Sinza na kuanza kulala kwenye kodi yangu. Tulikubaliana awe ananitumia chochote kwa simu kila mwezi. Mwezi mwingine ilikuja nusu, mwezi mwingine zilikuja salamu.

Nikashuka Dodoma na begi moja. Dalali wa kwanza niliyempata akanipeleka Area C, akanionyesha chumba kimoja kisicho hata na dari, bei ile ile ya Sinza. Nikamuuliza mwenye nyumba anachukua kodi ya miezi mingapi.

"Sita, kaka," akasema huku akifuta vumbi dirishani. "Ila kwa nyie watu wa Serikali mama anapenda mwaka."