Zimwi Lililonyimwa Lugha

Wapo wanaoshikilia kwamba filamu za kale za mazimwi zimepitwa na wakati. Hoja yao ni kwamba hazina rangi, vitisho vyake ni vya kitoto, na kompyuta za siku hizi zaweza kuunda madubwana ya kutisha maradufu. Mbona basi Frankenstein, filamu iliyotolewa Marekani mwaka wa 1931, ingali inatazamwa na vijana ambao hata babu zao hawakuwa wamezaliwa wakati huo?

Kwa maoni yangu, jibu halimo katika vitisho. Limo katika lugha, au kwa usahihi zaidi, katika kukosekana kwa lugha.

Mary Shelley alipochapisha riwaya yake mwaka wa 1818, kiumbe aliyeundwa na Victor Frankenstein alikuwa msemaji hodari. Alijifunza lugha kwa kuisikiliza familia moja kwa siri, akasoma vitabu, akamkabili muumba wake kwa hoja. Mwelekezi James Whale alimpokonya kipawa hicho. Zimwi lililoigizwa na Boris Karloff linaguna na kunguruma tu. Jina pia halina, na umma umeishia kulipachika jina la aliyeliunda.

Nimesema 'linaguna', wala si 'anaguna'. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyofanya: mtu akigeuzwa jitu, aweza kuondolewa hata katika ngeli ya watu. Sarufi yenyewe humhukumu kabla hajajitetea.

Filamu hiyo inatoa maelezo mawili kuhusu uovu. La kwanza ni la kuzaliwa nao: Fritz, msaidizi wa mwanasayansi, anaangusha chupa yenye ubongo mzima na kuiba ule wa mhalifu. Lakini hebu tuzingatie tunachoonyeshwa. Zimwi linapouona mwanga kwa mara ya kwanza, linainua mikono kana kwamba lataka kuushika. Linajibiwa kwa minyororo, na Fritz analitesa kwa mjeledi na mwenge wa moto. Baadaye linakutana na Maria, mtoto asiyeliogopa, anayeligawia maua. Wanayatupa ziwani, nayo yanaelea. Maua yanapokwisha, linamtupa Maria mwenyewe, na mtoto anazama.

Wakaguzi wa filamu waliikata sehemu hiyo ya mwisho. Kwa miongo kadhaa watazamaji wengi waliona mikono ikimwelekea mtoto, kisha baba akiibeba maiti, wakajiwazia unyama mkubwa kuliko uliotendeka. Iliporejeshwa katika miaka ya 1980, ndipo wengi walipotambua kwamba walilolidhania ukatili lilikuwa ujinga wa kiumbe asiyefunzwa lolote.

Mnamo mwaka wa 1935, katika Bride of Frankenstein, Whale aliirudia hoja hiyo. Mzee kipofu analikaribisha zimwi nyumbani kwake, analilisha, na kulifunza maneno machache: mkate, zuri, rafiki. Zimwi linatoa chozi. Kipofu hakuiona sura. Alimsikia mgeni mwenye shida. Utulivu huo unavunjwa na wawindaji wawili wenye macho yao mazima.

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Filamu hizi zatuuliza swali la upande wa pili: je, sisi nasi tumejitahidi kulijua? Naamini swali hilo ndilo linalozipa uhai hadi leo, kwa kuwa kila kizazi kina mtu wake asiyesikilizwa.

Hata shuleni yumo. Ni yule mwanafunzi ambaye walimu wamekwisha kuamua kuwa ni mtukutu wa kuzaliwa, na wenzake hawamwiti ila kwa lakabu. Kosa likitokea, huadhibiwa kwanza, kisha huulizwa, kama ataulizwa. Akinyamaza, kimya chake huchukuliwa kuwa ushahidi. Ewe mwalimu, nawe mwanafunzi, kabla ya kumtia mwenzenu katika ngeli ya majitu, mpeni kwanza nafasi ya kusema.