Risasi ni kitu gani?

Shahidi aelezapo mahakamani Machakos kwamba “risasi iliokotwa”, kimeokotwa nini hasa? Neno hili la asili ya Kiarabu lilikuwa jina la madini yale mazito laini. Leo tumelitwika mzigo wa vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni pake, baruti ndani, na kichwa kitokacho mtutuni.

Huko Marekani, ambako raia wengi hujitengenezea risasi za bastola majumbani, mwanagenzi hathubutu kuvichanganya. Huokota maganda yaliyokwisha kutumika, akayatia fataki mpya, kisha huanza na baruti haba, akiiongeza kwa mizani kidogo kidogo. Akizidisha, silaha yaweza kumpasukia mkononi. Wenye magobori nao walitenganisha: baruti kwanza, risasi juu yake, ndipo washindilie. (Kushindilia kungaliko, ila siku hizi twashindilia magunia.)

Kwetu, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yamtaka mwenye risasi awe na cheti. Basi ganda tupu ladokeza kwamba bunduki ililia. Risasi nzima yangoja kufyatuliwa. Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama haki ya mkalimani, lakini mkalimani huyo atafasiri nini iwapo shahidi ameyaita yote risasi? Napendekeza polisi waandikapo taarifa waulize mara moja tu: lilikuwa ganda, kichwa, au risasi nzima?