Soksi zisizopitisha maji Kilimanjaro: nani zinamlipa?

Jozi moja ya soksi zisizopitisha maji huuzwa kati ya dola 40 na 60. Tuchukue dola 50, na dola kwa shilingi 2,500: ni shilingi 125,000. Soksi nzuri za sufu ni kama 50,000. Hiyo 75,000 ya ziada unalipia utando mwembamba uliofichwa katikati, nje nailoni, ndani sufu. Utando huzuia maji huku ukipitisha mvuke wa jasho, ila polepole. Nyayo mbili zina tezi za jasho zipatazo 250,000, kwa hiyo kwenye mpando mkali mguu unaweza kulowa bila tone la mvua. Na maji yakivuka ukingo wa juu, soksi inageuka ndoo.

Sasa tazama mlima wenyewe. Misitu ya kusini, inakoanzia njia ya Machame, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Kileleni, mita 5,895, haifiki 300. Katika safari ya siku 7, tope hasa ni la siku ya kwanza na ya mwisho. Usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni tatizo ni baridi, na hapo kinachotakiwa ni sufu kavu. Mgeni wa safari moja atakuwa amelipa 125,000 kwa siku 2. Mimi ningemwambia anunue jozi ya pili ya sufu, aifunge vizuri isilowe.

Kwa mpagazi mambo ni tofauti kabisa. Akipanda mara 15 kwa mwaka, ana siku 30 za tope. Jozi ikidumu mwaka mzima, kila siku inamgharimu kama shilingi 4,200. Yeye ndiye zinayemlipa. Lakini kwa malipo ya shilingi 20,000 kwa siku, jozi moja inameza zaidi ya siku 6 za kubeba kilo 20. Ndipo anaishia kwenye soko la mitumba la Memorial, Moshi, na soksi za pamba zinazonywa maji na kugoma kukauka. Hata kujifunga mguu kwa mfuko wa plastiki, rambo, kumekuwa kugumu tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019. Mguu ukishinda umelowa kwenye baridi hufa ganzi, huvimba, ngozi huchubuka, na mguu huo ndio ajira yake.

Kundi la wageni 10 lenye wapagazi 30 linahitaji soksi za shilingi 3,750,000. Zigawe kwa safari 15, kisha kwa wageni 10: ni shilingi 25,000, yaani dola 10 kwa kila mgeni, kwenye safari ya kama dola 2,000. Kampuni za utalii ziiongeze hiyo dola 10 kwenye bei. Kabla ya kulipia mzigo, mnunuzi aingize mkono mkavu ndani ya soksi, auzamishe kwenye ndoo kwa dakika 5, apapase kisigino na vidole, maana utando huanza kuchoka hapo. Zikifaulu, zigawiwe kwenye geti la kuanzia safari, pale pale mizigo inapopimwa.