Batla wa hoteli hufanya kazi gani?

Katika hoteli nyingi za Kenya, kumhudumia mgeni ni kazi ya watu wengi. Mapokezi humpa ufunguo, stiwadi humtandikia kitanda, weita humpelekea chakula, na dobi hushughulikia nguo zake. Ila zipo hoteli chache za kifahari, kama Burj Al Arab iliyofunguliwa Dubai mwaka 1999, ambako mambo hayo yote hupitia kwa mtu mmoja anayeitwa batla. Si kwamba kila kitu anakifanya kwa mikono yake, lakini kikiharibika, yeye ndiye atakayeulizwa.

Nalieleza hili kwa ajili ya wazazi wa Ikonge na Nyamira kwa jumla, ambao watoto wao wamesomea kazi za hoteli na sasa wanaona nafasi hizi zikitangazwa kutoka nchi za Ghuba. Wapo wanaodhani kijana anakwenda kuwa mtumishi wa nyumbani. Sivyo.

Kazi huanza mgeni akiwa bado njiani. Batla husoma kumbukumbu zake: anakula nini, nini kinamdhuru, anapenda mto wa aina gani. Ikiwa karanga zinamdhuru, haitoshi kumpigia mpishi simu. Huingia jikoni mwenyewe na kuhakikisha. Ikiwa ni Mwislamu anayeshika dini, pombe huondolewa kwenye friji ya chumbani, na mswala huwekwa tayari pamoja na alama ya kibla.

Ustadi wake huonekana zaidi kwenye nguo. Sanduku la mgeni haliguswi mpaka aruhusu. Kabla ya kupasha pasi, batla husoma lebo, na hariri huipiga kwa upande wa ndani. Wakati wa kufunga mizigo, viatu hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa na kuwekwa upande wa magurudumu, ili sanduku likisimamishwa visiponde nguo. Koti la suti hugeuzwa bega moja ndani nje, bega la pili likaingizwa humo, bitana ikabaki nje. Karatasi laini huwekwa penye mkunjo, kisha koti hukunjwa mara moja tu. Likikunjuliwa safarini, huvaliwa bila kutafuta pasi.

Kwenye chai, kijana aliyekulia mashambani Ikonge ana la kuwazidi wenzake. Chai yetu nyingi ni ya kusagwa. Hutoa rangi haraka na ikikaa sana huwa kali. Ya majani mazima huhitaji dakika 3 hadi 5, na maziwa huletwa kando, tofauti na nyumbani tunakochemsha vyote pamoja.

Kwa kuwa kazi hizi zote humwingiza chumbani kwa mgeni, batla lazima ajue kutunza siri. Huona dawa mezani, barua, hata ugomvi wa mume na mke, na hapeleki neno hata kwenye kantini ya wafanyakazi. Lakini siri ina mpaka. Mgeni akimshika au kumtaka afanye asichotaka, batla hutoka chumbani papo hapo na kumwarifu meneja. Meneja anayemwambia avumilie anakosea. Kitu cha thamani kikionekana kimesahauliwa, huandikwa saa hiyohiyo mbele ya shahidi.

Valeti ni kazi jirani. Kwa asili hushughulika na mavazi, ingawa katika hoteli nyingi siku hizi ndiye anayepokea magari ya wageni na kuyaegesha.

Ni nadra mtu kuajiriwa batla moja kwa moja kutoka chuoni, hata kama chuo ni Utalii, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Wengi hupitia ustiwadi au uweita kwanza, na ndiyo njia ninayoiamini, kwa kuwa huwezi kusimamia kitanda usichojua kukitandika.

Kwa anayeitwa ng'ambo, wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na mkataba uthibitishwe na afisa wa kazi kabla ya safari. Usomeni wote, mzazi na mtoto. Mkataba ukitaja batla kwenye kichwa, kisha chini ukaorodhesha kupika, kufua na kulea watoto katika nyumba ya mtu, hiyo si kazi ya hoteli, na kijana asiutie sahihi.