Gesi Zinazofichua Chimbuko la Bonde la Ufa

Shimo refu kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa na binadamu kwenda chini liko Kola, kaskazini mwa Urusi, na kina chake ni mita 12,262. Kiini cha dunia kiko takriban kilomita 2,900 chini yetu, na karibu masafa yote hayo ni mwamba wa tabaka liitwalo mantili, ambao hakuna chombo kilichoufikia. Hata hivyo, wanajiolojia wengi wanashikilia kwamba Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia hadi kusini mwa Tanzania, linalishwa na joto linalopanda kutoka sehemu za chini kabisa za mantili. Dai hilo ni zito, na anayelitilia shaka ana haki ya kudai ushahidi. Ushahidi upo, umenaswa katika chembe za gesi ndani ya mawe ya volkano, lakini husimama imara pale tu gesi zaidi ya moja zinaposomwa kwa pamoja.

Gesi zenyewe ni zile ambazo wanakemia huziita bwete, zikiwemo heliamu, neoni na zenoni. Haziungani kirahisi na elementi nyingine, kwa hiyo hutunza kumbukumbu ya mwamba zilikotoka. Heliamu ina atomi za aina mbili. Heliamu-4 huzaliwa kila siku ardhini pale urani na thori zinapovunjika. Heliamu-3 karibu yote ilinaswa dunia ilipokuwa inaumbika, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Hii ni mtaji usioongezwa, ile ni riba inayolimbikizwa. Na mwamba uliokwisha kuyeyuka na kupoteza mtaji wake hubaki na riba tupu. Hewani, kwa kila atomi moja ya heliamu-3 kuna takriban 700,000 za heliamu-4. Katika lava za migongo ya chini ya bahari, zinazotokana na mantili ya juu, uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4 ni karibu mara nane ya ule wa hewa. Hawaii na Iceland zimetoa lava zenye uwiano unaozidi mara 30.

Mwaka 2011, timu iliyoongozwa na David Hilton wa Taasisi ya Scripps huko California ilichapisha vipimo vya mawe ya milima ya Rungwe, mkoani Mbeya, na uwiano ulifika takriban mara 15 ya ule wa hewa, juu ya kiwango cha mantili ya juu. Katika vipimo vya aina hii, fuwele za kijani za olivini huchaguliwa moja moja chini ya hadubini, kisha hupondwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa yote. Viputo vilivyofungwa ndani yake tangu lava ilipokuwa ya moto hupasuka, na gesi hupelekwa kwenye mashine inayotenganisha atomi kwa uzito. Kuponda badala ya kuyeyusha kuna sababu. Miale ya anga za juu hutengeneza heliamu-3 mpya katika mawe yaliyokaa wazi muda mrefu, lakini hiyo hujificha ndani ya fuwele yenyewe, si kwenye viputo. Aliyedhani kwamba heliamu ya Rungwe imeshuka kutoka angani hana pa kusimamia.

Pingamizi zito zaidi linatoka Tanzania hiyohiyo. Gesi za volkano ya Ol Doinyo Lengai, kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2009, zina heliamu inayofanana na ya mantili ya juu tu. Heliamu ya bonde la Rukwa, ambayo habari zake zilivuma mwaka 2016, ni riba ya urani na thori za miamba ya kale ya gamba la dunia, na haidokezi lolote kuhusu vilindi. Je, chimbuko la kina liko chini ya Rungwe peke yake? Hapa ndipo neoni inapoingia. Heliamu ya vilindini huzidiwa upesi na ya miamba ya kale inayoipitia njiani, ilhali neoni ina alama zake yenyewe. Neoni-21 huzalishwa ardhini, neoni-20 na neoni-22 karibu hazizalishwi. Kwa hiyo uwiano wa aina hizo tatu huonyesha iwapo chimbuko lina gesi nyingi za asili, na pia hufichua hewa iliyojipenyeza kwenye sampuli. Utafiti wa mwaka 2014 uliounganisha heliamu na neoni ulihitimisha kwamba chimbuko la ufa wote ni moja, na vipimo vya karibuni vya gesi za visima vya jotoardhi vya Menengai, Kenya, vimeunga mkono hitimisho hilo. Tofauti za volkano moja na nyingine ni mchanganyiko wa njiani.

Mkosoaji atauliza: hata kama chimbuko ni moja, nani kasema liko chini sana? Swali ni la haki. Gesi zinasema kwamba mwamba huo ulitengwa na mantili ya juu muda mrefu sana, hazitaji kilomita. Zenoni ya Iceland, kwa mfano, imeonyesha kwamba mgawanyiko wa namna hiyo ulianza dunia ikiwa changa, kabla ya miaka bilioni 4.4 iliyopita. Kina kinatajwa na mawimbi ya matetemeko, yanayopungua kasi katika eneo kubwa la moto chini ya kusini mwa Afrika, linaloanzia kwenye mpaka wa kiini na kupanda likielekea kaskazini mashariki. Mashahidi wawili wasiotegemeana wakikubaliana, kesi inakuwa na uzito.

Kwa ushahidi uliopo leo, maelezo ya chimbuko moja la kina ndiyo yenye nguvu kuliko mengine, na kinachoweza kuyaimarisha au kuyaangusha ni vipimo zaidi vya neoni, hasa katika mkono wa magharibi wa bonde. Ukisikia tena habari za heliamu ya Afrika Mashariki, uliza kwanza ni ipi: ile ya Rukwa ni zao la miamba ya gamba, ile ya Rungwe imebeba gesi za tangu dunia ilipoumbika.